Injini Imepiga Resi kwa Bahati Mbaya na Gari Bado Jipya: Ufanye Nini

Gari umelichukua wiki iliyopita, viti bado vina nailoni. Ukawa unatoka getini, kiatu kikateleza, injini ikapiga ukelele hadi mlinzi akageuka, mshale wa resi (mizunguko ya injini kwa dakika) ukagusa nyekundu. Ukatoa mguu, sauti ikashuka, gari likaenda kama kawaida. Usiku ndipo mawazo yanapoanza: nimeua injini?

Karibu kila mara, hapana. Ila lipo tukio la aina moja linaloua injini kweli, hata iliyotoka kiwandani mwezi huu, na linaweza kumpata dereva aliyekuwa anakwenda taratibu zake. Watu huyachanganya hayo mawili. Anayepaswa kulala usingizi anakesha, na anayepaswa kulipeleka gari gereji anaendelea na safari.

Hatua ya 1: Jua resi ilitoka mguuni au ilitoka kwenye magurudumu

Swali hili ndilo linaloamua yote yanayofuata.

Resi ya mguuni unaileta wewe kwa kukanyaga mafuta: gari likiwa kwenye P au N, klachi ikiwa imekanyagwa, au barabarani kwenye gia ndogo. Hapa injini ina mlinzi. Magari ya kisasa yana kompyuta, ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi, inayohesabu mizunguko ya kranki, ule mhimili mkuu wa injini, bila kuchoka. Mizunguko ikifika kikomo, kompyuta inakata mafuta au moto wa plagi. Ndiyo maana ukikanyaga hadi mwisho unasikia injini inakatakata, bra-bra-bra, haipandi tena. Kikomo hicho hakikuwekwa mahali injini inapovunjika, kimewekwa kabla yake. Kwenye injini nyingi za petroli eneo jekundu linaanza kati ya 6,000 na 7,000 kwa dakika, na za dizeli mapema zaidi, 4,000 hadi 5,000. Tena magari mengi ya miaka ya karibuni yakiwa yamesimama kwenye P au N hukatwa mapema, kwenye 4,000 hivi, kwa hiyo hata ungetaka kuigusa nyekundu ukiwa umesimama hivyo, gari lenyewe lingekukatalia.

Resi ya magurudumu ni habari nyingine. Hii inatokea kwenye gari la gia za mkono pale unapoingiza gia ndogo kuliko ulivyokusudia gari likiwa kwenye mwendo, kisha ukaachia klachi. Sasa siyo injini inayozungusha magurudumu. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kompyuta inaweza kukata mafuta yote na isisaidie kitu, maana nguvu haitoki kwenye mafuta, inatoka kwenye uzito wa gari lililo kwenye kasi. Mlinzi yupo, lakini mlango aliopewa alinde siyo huu.

Kama lako ni la mguuni, limedumu sekunde chache, na taa ya oili haikuwaka, huna kesi. Angalia tu oili kwa stiki, uhakikishe iko kati ya alama mbili, halafu ruka hadi hatua ya 5. Kama lako ni la gia, twende pamoja.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya resi uliyofika

Siyo kila kosa la gia ni msiba, na hesabu yake ni ya darasa la sita. Kila gia ina uwiano wake, unaopatikana kwenye vipimo vya kiufundi vya gari. Gari dogo la kawaida lenye gia tano linaweza kuwa hivi, takribani: ya kwanza 3.5, ya pili 1.9, ya tatu 1.3, ya nne 1.0, ya tano 0.8. Chukua resi uliyokuwa nayo kabla ya kosa, zidisha kwa uwiano wa gia uliyoingiza, gawanya kwa uwiano wa gia uliyotoka.

Mfano wa kwanza. Uko gia ya nne, resi 3,500, unataka ya tano, mkono ukaenda ya tatu. 3,500 mara 1.3, gawanya kwa 1.0, unapata 4,550. Gari limeshtuka, abiria wameinama mbele, mkeo au mumeo amekutazama, basi. Injini haijui hata kama kuna kosa limetokea.

Mfano wa pili. Uko gia ya tatu, unalipita lori, resi 5,500. Unataka ya nne, unavuta kwa pupa na mkono unaangukia ya pili. 5,500 mara 1.9, gawanya kwa 1.3, ni zaidi ya 8,000. Hapo pana tatizo.

Wa tatu ndio huwa unawashangaza watu. Uko gia ya tano, unakwenda kilomita 100 kwa saa, resi 3,000 tu, redio inaimba. Umeona tuta la ghafla, unataka ya nne, ukaingiza ya pili. 3,000 mara 1.9, gawanya kwa 0.8: zaidi ya 7,100. Dereva mpole, barabara imenyooka, na kwenye gari ambalo nyekundu yake inaanza 6,500 umeshavuka.

Gia yenyewe mara nyingi hukuonya. Lever inagoma kuingia, inahitaji kusukumwa, kwa sababu ndani ya gia boksi zile pete za kulinganisha mwendo zinapambana na tofauti kubwa ya kasi. Gia ikigoma kuingia ukiwa kwenye mwendo, usiilazimishe kamwe. Na ikishaingia, kumbuka kwamba uharibifu unafanyika pale klachi inapoachiwa, siyo lever inapoingia. Mguu ukiwa bado umekanyaga klachi, hujafanya kosa lolote ambalo injini imelisikia. Ukiachia na ukahisi gari limevutwa nyuma kwa nguvu, kanyaga klachi tena papo hapo. Usihangaike kwanza kutafuta gia sahihi.

Kwa nini 8,000 iwe balaa wakati 6,500 ni salama? Kwa sababu nguvu inayovuta pistoni na konrodi (mkono unaoiunganisha pistoni na kranki) kila pistoni inapogeuza njia haikui sambamba na resi, inakua kwa mraba wake. Kutoka 6,500 hadi 8,500 resi imeongezeka kwa asilimia 31 hivi, lakini mvuto ule umeongezeka kwa asilimia 71. Ongeza habari ya valvu, ile milango midogo ya kuingiza hewa na kutoa moshi. Kwenye resi 6,000 kranki inazunguka mara 100 kwa sekunde, na kila valvu inafunguka na kufungwa mara 50 katika sekunde hiyohiyo. Kinachoirudisha valvu ni springi tu. Ukivuka uwezo wa springi, valvu inachelewa kurudi, na kwenye injini nyingi pistoni inayopanda itaikuta bado iko njiani. Valvu inapinda. Kosa linachukua chini ya sekunde moja na linaweza kukugharimu kufungua silinda hedi nzima.

Hatua ya 3: Sikiliza kabla ya kuendelea

Kama hesabu imekupa namba iliyo chini ya nyekundu, endelea na safari. Kama imevuka, hata kwa kukadiria, simama mahali salama, acha injini iungurume bila kukanyaga mafuta kwa dakika moja na fungua boneti.

Injini inayounguruma sawasawa, haitikisiki, haina taa yoyote kwenye dashibodi, imepona kwa uwezekano mkubwa. Endesha kwa upole na uendelee kuitegea sikio siku mbili tatu.

Ukisikia gari linamisi, yaani linatetemeka kama silinda moja imelala, na taa ya injini inawaka na kuzima-zima, usiendeshe. Taa ya injini iliyotulia inaweza kusubiri hadi kesho. Inayomweka ni silinda isiyochoma mafuta, na mafuta hayo mabichi yanakwenda kuunguza kichujio cha moshi kwenye ekzosi, ambacho bei yake utaijua ukiulizia dukani. Tak-tak-tak nyepesi kutoka juu ya injini inaelekeza kwenye valvu. Gonggong nzito kutoka chini, inayopanda na resi, ni bering za konrodi. Hapo zima mara moja, kwa sababu injini iliyoanza kunoki ikiendeshwa hadi nyumbani inaweza kutoboa bloku.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka injini ikiwa inaunguruma, zima papo hapo hata kama huna sauti unayoisikia.

Hatua ya 4: Kipimo cha kumwomba fundi

Watu wengi wakifika gereji wanasema "nicheki injini", na fundi anapiga resi mara tatu, anasikiliza, anasema iko poa. Hicho siyo kipimo, na kwa injini unayoitilia shaka ndiyo kitu cha mwisho unachotaka ifanyiwe. Omba vitu viwili kwa majina yake.

Cha kwanza, kupima kompresheni, yaani shinikizo ndani ya kila silinda. Fundi anatoa plagi zote, anazuia mafuta na moto, anafunga geji kwenye tundu la plagi, anapiga stata huku pedeli ya mafuta imekanyagwa hadi chini. Anaandika namba ya kila silinda. Injini ya petroli yenye afya mara nyingi husoma kati ya psi 150 na 200, lakini namba yenyewe haina uzito kama tofauti kati ya silinda na silinda. Isizidi asilimia 10 hadi 15. Tatu zikisoma 180 na moja 60, umepata jibu. Fundi mjuzi atamimina kijiko cha oili kwenye silinda ile dhaifu na kupima tena: ikipanda, ringi za pistoni ndizo zinavuja, isipopanda, ni valvu au gasketi. Simama hapo uone geji kwa macho yako.

Cha pili, oili imwagwe na filta ikatwe. Karatasi ya ndani ya filta inyooshwe juani. Injini mpya kabisa inaweza kuonyesha vumbi la kung'aa, laini, kwenye oili yake ya kwanza, na hilo ni la kawaida kwa vyuma vinavyozoeana. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, au rangi ya shaba, siyo vya kawaida.

Mashine ya kusoma makosa ichomekwe pia, ila usiichukulie kama hakimu. Valvu iliyopinda kidogo sana inaweza isiandike kosa lolote wiki ya kwanza.

Hatua ya 5: Kama gari lako ni oto

Kwenye oto zinazotawaliwa na kompyuta, ukivuta lever hadi 2 au L ukiwa kilomita 100 kwa saa, gia boksi inakataa hadi mwendo ushuke. Kwa hiyo resi ya magurudumu karibu hutaipata.

Kinachowapata wenye oto ni hiki: lever imegongwa ikaingia N gari likiwa linakwenda, mguu uko kwenye mafuta, injini inaruka juu kwa sababu mzigo umeondoka. Injini haina shida, kikomo kipo. Shida ni kile dereva anachofanya baada ya hapo: kwa hofu anairudisha D haraka huku resi iko 5,000. Kishindo kile kinapokelewa na sahani za klachi ndani ya gia boksi, na gia boksi ya oto ni ghali kuliko wasiwasi wako wote. Toa mguu, acha resi ishuke kabisa, ndipo urudishe D.

Hali hiyohiyo ukiwa umesimama. Umekanyaga mafuta ukidhani uko D, kumbe uko N. Usiingize gia injini ikiwa inalia.

Hatua ya 6: Mlimani, usiogope resi ya kushuka

Madereva wapya wakishuka Kitonga, Sekenke, au ile barabara ya kuteremka kwenda Mai Mahiu, wanaweka gia ya pili au ya tatu kama walivyofundishwa, mshale unapanda hadi 4,000, wanaingiwa na hofu na kurudisha gia kubwa. Halafu breki zinanuka. Resi 4,000 kwenye injini ya petroli inayoishia 6,500 ni kazi ya kawaida. Mafuta yamekatwa, hakuna moto ndani, injini inapumua tu na kulizuia gari. Ikipanda kuelekea 5,500, kanyaga breki kwa uthabiti, ishushe hadi 3,500, achia, rudia. Breki ya kugusa na kuachia inapoa. Ya kukalia inaungua.

Lori la dizeli ni tofauti, na dereva wa lori analijua hili kuliko mimi. Nyekundu yake iko chini na tani zinazosukuma nyuma ni nyingi, kwa hiyo mlima unaweza kweli kuipandisha injini kupita kikomo. Gia inachaguliwa juu, kabla ya kuanza kushuka.

Upande wa kupanda, kuna wanaoanza gia za mkono wanaolia na resi kwenye mteremko. Nenda Likoni, Mombasa, maji yakiwa yamepwa, ile njia ya kupandia kutoka kwenye feri imesimama wima, utamkuta mtu injini inalia, gari halisogei, na harufu kama ya nyaya zinazoungua imejaa hewani. Yeye anaogopa ameua injini. Injini haina neno. Kinachoungua ni klachi, kwa sababu ameishikilia nusu. Dawa ni kutumia breki ya mkono: vuta, achia klachi hadi gari linataka kwenda, ongeza mafuta kidogo, shusha breki. Resi 2,000 inatosha.

Hatua ya 7: Lea injini katika kilomita 1,000 za mwanzo

Hili linahusu gari la zero kilometa, lililotoka kiwandani. Gari lililotumika Japani likashuka bandarini lina injini iliyokwisha kuzoeana siku nyingi. Lenyewe linahitaji oili mpya na filta mpya kabla ya kitu kingine, kwa sababu historia yake huijui.

Vitabu vya Toyota, kwa mfano, vinataka kilomita 300 za mwanzo usifunge breki za ghafla, kilomita 800 usivute tela, na kilomita 1,000 usikimbie kupita kiasi, usikanyage mafuta kwa ghafla, usikae muda mrefu kwenye gia ndogo, na usishike mwendo mmoja kwa muda mrefu. Hilo la mwisho wengi hulisahau. Mtu anatoka Dar na gari jipya, anashika 80 mpaka Morogoro bila kubadilisha, akidhani analilea. Badilisha: mara 60, mara 90, mara ongeza, mara toa mguu. Ringi zinakaa vizuri kwenye kuta za silinda pale shinikizo linapopanda na kushuka.

Jambo linaloharibu injini mpya kuliko resi moja ya bahati mbaya ni resi za makusudi za kila asubuhi injini ikiwa baridi. Oili baridi ni nzito na inachelewa kufika juu kwenye kamishafti, mhimili unaofungua valvu. Washa, subiri nusu dakika resi ishuke kutoka ile ya mwanzo ya 1,200 au 1,500, kisha ondoka taratibu, usivuke 3,000 kwa dakika kumi za mwanzo. Geji ya joto ikifika katikati usidhani kazi imekwisha, maana ile inapima maji na oili inachelewa nyuma yake. Njombe au Limuru asubuhi ya Julai, ongeza subira. Kusimama dakika kumi na tano gari linaunguruma uani hakusaidii, kunamaliza mafuta na kuwaamsha majirani.

Baadhi ya magari madogo ya Kijapani hayana kabisa geji ya resi. Nunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD (tundu la mashine ya kusoma makosa) chini ya usukani, kinachoongea na simu kwa bluetooth. Kitakuonyesha resi na joto la maji.

Hatua ya 8: Kagua zulia, na ujue la kufanya mafuta yakinasa

Kama resi ilipanda bila wewe kukanyaga, inama uangalie sakafu kabla ya kumlaumu mtu. Zulia la mpira ulilonunua barabarani, lililowekwa juu ya zulia la gari, linateleza mbele na kushika pedeli. Mwaka 2009 nchini Marekani Toyota ilitangaza kuyarudisha magari yapatayo milioni 3.8 kwa sababu ya mazulia kunasa pedeli, kwa hiyo usione ni jambo la kudharau. Zulia liwe moja, la saizi yake, na ndoano zake zifungwe.

Ikitokea uko barabarani na mafuta yamenasa: kanyaga breki kwa nguvu zote bila kupampu, weka N au kanyaga klachi, toka pembeni, simama, ndipo uzime. Injini italia kwenye kikomo muda wote huo. Iache ilie. Usizime swichi ukiwa kwenye mwendo, utapoteza msaada wa usukani, na kwenye magari ya ufunguo ukiutoa usukani unaweza kujifunga.

Hatua ya 9: Mwambie muuzaji ukweli, na uzuie mikono ya wengine

Gari likiwa chini ya waranti na una shaka ya kweli, lipeleke ukiwa umeandika tarehe, kilomita, gia uliyotoka na uliyoingiza. Kuficha hakusaidii. Kompyuta ikiandika kosa huhifadhi pamoja nalo hali ya wakati huo, ikiwemo resi. Porsche huenda mbali zaidi: baadhi ya modeli zake huhesabu kila moto wa plagi uliopigwa juu ya kikomo na kuupanga kwa madaraja, na wanunuzi wa mitumba yake Ulaya na Marekani huomba ripoti hiyo kabla ya kutoa pesa. Kosa la gia kwa kawaida halilipwi na waranti, lakini fundi anayejua kilichotokea atapima mahali panapohusika, na wewe hutalipia siku tatu za kubahatisha.

Na ufunguo usiuache ovyo. Kijana wa kuosha magari anayewasha apige resi ili maji yatoke kwenye ekzosi, fundi wa redio anayejaribu spika, mpwa anayetaka kusikia sauti: wote hao wanaifanyia injini baridi kila siku kile ulichokifanya wewe mara moja ukakosa usingizi. Gari likienda kuoshwa, lisogeze mwenyewe, lizime, uondoke na ufunguo mfukoni.